Mashahidi kabla ya wasimulizi: Somo la Blackside kwa wanaopeleka historia kwenye televisheni

Februari 16, 1965, mchungaji C.T. Vivian aliwaongoza Wamarekani Weusi hadi kwenye ngazi za mahakama ya Selma, jimbo la Alabama, kudai haki ya kujiandikisha kupiga kura. Mlangoni alisimama Sherifu Jim Clark na askari wake. Katika wilaya ile walikuwepo Weusi wapatao 15,000 wenye umri wa kupiga kura, na walioandikishwa walikuwa kama mia tatu tu. Vivian alimkabili sherifu kwa maneno makali, akawafananisha askari wake na wale waliomtii Hitler, huku kamera za televisheni zikichukua kila kitu. Mara ngumi ikamshukia. Akaanguka kwenye ngazi, akainuka akivuja damu mdomoni, akaendelea kuzungumza. Miaka ishirini hivi baadaye, kampuni ya Blackside ya mjini Boston iliwahoji wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, kisha ikayaweka maneno yao pamoja na picha za siku ile. Vivian alieleza alichokuwa akikitafuta pale mlangoni. Clark alisema hakumbuki kumpiga mtu, ila alikwenda kwa daktari, akapigwa eksirei, ikaonekana kidole cha mkono wake wa kushoto kina ufa.

Dakika hizo chache zimo katika sehemu ya sita ya Eyes on the Prize, mfululizo wa dokumentari kuhusu harakati za haki za kiraia nchini Marekani, na zinaonyesha jambo ambalo watayarishaji wengi wa vipindi vya historia hulisahau. Msimulizi hakuhitaji kumwambia mtazamaji nani alikuwa na haki. Picha ilionyesha kilichotokea, aliyepigwa alieleza sababu ya kwenda pale, na aliyepiga alitoa ushahidi dhidi yake mwenyewe bila kulazimishwa. Hoja ya makala haya inatokana na hapo. Thamani ya dokumentari kubwa ya kihistoria haipimwi kwa bajeti, kwa ukubwa wa muziki wala kwa umaarufu wa sauti inayosimulia. Inapimwa kwa ushahidi: nani amepewa kiti cha kusema, maneno yake yamepimwa kwa kipimo gani, na ushahidi huo unakwenda wapi baada ya kipindi kurushwa. Nyumba ya utayarishaji inayochukua kazi hii inapaswa kufikiri kama mtunza kumbukumbu za taifa. Ikifikiri kama mwandaa tamasha, kazi yake itapendeza kwa msimu mmoja na kupotea.

Blackside ilianzishwa mwaka 1968 na Henry Hampton, mzaliwa wa St. Louis aliyeugua polio akiwa kijana na kubaki na ulemavu wa mguu maisha yake yote. Mwaka 1965 alikuwa ofisa habari wa kanisa la Unitarian Universalist, na kazi hiyo ndiyo iliyompeleka Selma, ambako aliona kwa macho yake watu wa kawaida wakiandamana na kamera zikiwafuata. Kwa miaka mingi kampuni yake iliishi kwa kazi ndogondogo, filamu za elimu na matangazo ya taasisi, huku yeye akiitafutia njia simulizi ile kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alipata mkataba na kampuni ya kibiashara ya utangazaji, Capital Cities. Mradi ukavunjika, fedha zikakauka, na ikabidi aanze upya kubisha hodi kwa wafadhili mmoja baada ya mwingine. Sehemu sita za kwanza, zilizogharimu takriban dola milioni 2.5, zilirushwa na mtandao wa televisheni ya umma, PBS, kuanzia Januari 21 hadi Februari 25, 1987. Sehemu nyingine nane zilifuata mwaka 1990. Jumla yake ni saa kumi na nne zinazoanzia mwaka 1954 hadi katikati ya miaka ya 1980.

Fedha hizo zilikuwa nyingi kwa kampuni ndogo inayomilikiwa na mtu Mweusi, lakini hazikuwa nyingi kwa viwango vya televisheni ya Marekani. Kilichoitofautisha kazi ile ni masharti ambayo Hampton aliiwekea nyumba yake. Kabla ya kamera kuwashwa, watayarishaji wote walikaa darasani kwa siku kadhaa, wakawasikiliza wanahistoria, waandishi wa habari na watu walioshiriki harakati zenyewe wakibishana mbele yao. Kila timu ya watayarishaji iliundwa kwa kumweka Mweusi na Mzungu pamoja, na mara nyingi mwanamume na mwanamke, ili pasiwe na sehemu itakayopita bila kubishaniwa ndani ya nyumba kwanza. Anayeketi kwenye kiti cha mahojiano alitakiwa awe amekuwepo: aliandamana, alifungwa, alitoa amri, aliandika habari siku ile. Wanahistoria walisoma rasimu na kusahihisha, lakini hawakutokea kwenye skrini. Na picha ya zamani ilipaswa kuwa ya tukio lile lile linalosimuliwa. Umati wa Birmingham, Alabama, haukuruhusiwa kusimama badala ya umati wa Montgomery kwa sababu tu unapendeza zaidi.

Sharti hili la mwisho laweza kuonekana dogo, lakini ndilo linalovunjwa zaidi, hata leo. Mtazamaji anaposikia habari ya mgomo wa mwaka fulani na kuonyeshwa umati wowote uliopatikana maktabani, anadanganywa, hata kama kila neno la msimulizi ni kweli. Mwanafunzi atakayeitumia filamu hiyo baada ya miaka thelathini ataichukua picha ile kuwa ni ya siku ile na mahali pale, na kosa litaingia vitabuni. Nidhamu ya kulinganisha picha na tarehe huongeza wiki za utafiti na huwanyima wahariri picha nyingi nzuri. Lakini ndiyo inayomruhusu mwalimu kuionyesha filamu darasani na kusema hiki ni chanzo, kichunguzeni.

Masharti hayo yalibadilisha hata simulizi yenyewe. Kwa miaka mingi mgomo wa mabasi wa Montgomery wa mwaka 1955 ulisimuliwa kana kwamba mshonaji mmoja, Rosa Parks, alichoka siku moja akakataa kuinuka, kisha mchungaji kijana, Martin Luther King, akatokea na hotuba. Blackside ilipowatafuta waliokuwepo, ilimkuta Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo na kiongozi wa baraza la kisiasa la wanawake, ambaye usiku wa siku ile aliyokamatwa Parks alikesha akichapa maelfu kwa maelfu ya vipeperushi vya kuwataka watu wasipande mabasi. Ilimkuta pia E.D. Nixon, mtumishi wa mabehewa ya treni na mwanachama wa siku nyingi wa chama cha wafanyakazi, aliyekwenda kumwekea Parks dhamana. Kwa hiyo mgomo ukaonekana ulivyokuwa: kazi ya watu waliojipanga kwa muda mrefu, waliokuwa na mashine ya kuchapia, orodha ya majina na uzoefu wa kuendesha mikutano. Mtazamaji anayejifunza kwamba historia ilisubiri shujaa mmoja, naye atakaa kusubiri. Anayejifunza kwamba ilijengwa na kamati, anajua pa kuanzia.

Mashahidi waliotafutwa hawakuwa wa upande mmoja. Laurie Pritchett, mkuu wa polisi wa Albany, Georgia, alieleza kwa utulivu jinsi alivyosoma mbinu za Martin Luther King na za Gandhi, akapanga mahabusu katika wilaya za jirani ili jela zake zisijae, na akawakataza polisi wake kutumia nguvu mbele ya kamera. Huo ni ushahidi wa thamani kubwa, kwa sababu unaeleza kwa nini harakati zilikwama Albany mwaka 1962 na kufanikiwa Birmingham mwaka uliofuata. Hakuna mwanaharakati ambaye angeweza kuueleza kwa usahihi kama yeye. Bob Moses naye yumo katika sehemu inayohusu Mississippi, akisimulia uandikishaji wa wapiga kura katika jimbo ambako kwenda ofisi ya msajili kulimgharimu mtu kazi, nyumba au maisha. Wasomaji wa Tanzania wana sababu ya kumjua: alihamia nchini mwaka 1969 pamoja na mkewe Janet na kufundisha hisabati Same hadi mwaka 1976. Historia hiyo iliyorekodiwa Marekani ina uzi unaopita hapa kwetu.

Mwaka mmoja kabla ya Eyes on the Prize, kazi nyingine kubwa ilikuwa imetoka, na mwenyewe alikuwa mtoto wa Mombasa. Profesa Ali Mazrui aliandika na kusimulia The Africans, sehemu tisa zilizotayarishwa kwa ushirikiano wa BBC na kituo cha WETA cha Washington na kurushwa mwaka 1986. Njia yake ilikuwa kinyume cha ile ya Hampton. Mazrui mwenyewe alisimama mbele ya kamera, akatembea bara zima na kutoa hoja yake ya urithi wa aina tatu: wa asili, wa Kiislamu na wa Kimagharibi. Kwa bara lililokuwa limesimuliwa na wageni kwa miaka mingi, kumwona Mwafrika mwenye elimu na ufasaha akilieleza kwa sauti yake lilikuwa jambo kubwa, na hakuna la kulipunguza. Lakini kilichofuata kinafundisha. Lynne Cheney, mwenyekiti wa mfuko wa serikali ya Marekani wa taaluma za utu uliokuwa umechangia dola 600,000, aliikana kazi ile kuwa ni shambulio dhidi ya nchi za Magharibi na akataka jina la mfuko wake liondolewe. Mjadala ukawa juu ya mtu: Mazrui ni nani, ana chuki au hana. Wakosoaji hawakulazimika kugusa ushahidi, kwa sababu uzito wote wa kazi uliwekwa kwenye mabega ya msimulizi.

Hapa ndipo faida ya mashahidi inapoonekana. Mwamba ngoma huvutia kwake, na kila mtazamaji anajua kwamba msimulizi ana ngozi anayoivuta. Anayepinga simulizi ya msimulizi humtuhumu msimulizi. Anayepinga ushahidi wa waliokuwepo, ulioungwa mkono na picha za siku ile, lazima alete ushahidi mwingine, na hapo mjadala unasonga mbele. Hilo halimaanishi kwamba dokumentari zisiwe na wasimulizi kabisa. Eyes on the Prize yenyewe ilisimuliwa na Julian Bond, aliyekuwa ofisa wa mawasiliano wa chama cha wanafunzi cha SNCC na baadaye mbunge wa Georgia. Lakini maneno yake yalikuwa machache, ya kuunganisha, na yaliwaachia mashahidi nafasi ya kubeba mzigo. Tunahitaji wasomi wa aina ya Mazrui, na tunahitaji pia nyumba zenye subira ya kuwakusanya mamia ya watu wasiojulikana. Tatizo ni kwamba aina ya kwanza huvutia wafadhili kwa urahisi, na ya pili huhesabiwa kuwa ni gharama isiyo na sababu.

Wapo watakaosema kwamba kumbukumbu ya binadamu haiaminiki, na wana hoja. Mtu anayehojiwa miaka ishirini au thelathini baada ya tukio hupunguza makosa yake, hutia chumvi ushujaa wake, na huchanganya aliyoyaona na aliyoyasoma magazetini. Jibu si kumwacha nje, ni kumpima. Blackside iliupima ushahidi wa kila mtu kwa picha, nyaraka na maneno ya wengine, na hata usahaulifu wa Clark uligeuka ushahidi ulipowekwa karibu na picha ya ngumi yake. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni kesi ya wazee wa Mau Mau katika Mahakama Kuu ya London. Kwa miongo mingi masimulizi yao ya mateso kambini yalichukuliwa na wengi kuwa maneno ya wazee. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kuwa na mafaili yaliyoondolewa Kenya wakati wa uhuru na kufichwa Hanslope Park, Uingereza. Mafaili yalipofunguliwa yaliwiana na maneno ya wazee, na Juni 2013 serikali hiyo ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Karatasi peke yake zilikuwa zimekaa kimya kwa nusu karne, na wazee peke yao walikuwa hawasikilizwi. Nguvu ilipatikana pale viwili hivyo vilipokutana.

Pingamizi lingine ni kwamba mashahidi hueleza kilichotokea bila kueleza kwa nini kilitokea. Aliyepigwa na maji ya bomba la zimamoto Birmingham anajua uchungu wa maji. Si lazima ajue mahesabu ya Ikulu ya Washington. Ni kweli kwamba filamu isiyo na mchambuzi inaweza kumwacha mtazamaji na hisia nyingi na uelewa mdogo. Hampton alilijibu hilo kwa kupanua maana ya mshiriki. Aliwahoji maofisa wa wizara ya sheria waliokuwa kazini wakati ule, akamhoji Gavana George Wallace, akawahoji waliosimamia mabaraza ya Wazungu yaliyopinga mabadiliko. Sababu za tukio zilitolewa na waliokuwa na madaraka ya kuliamua. Pale ambapo bado palibaki pengo, kulikuwa na kitabu cha kuandamana na mfululizo na miongozo ya walimu, ambako wanahistoria walikuwa na nafasi ya kutosha. Televisheni si lazima ifanye kazi zote za maktaba. Inatosha ifanye kwa uaminifu ile ambayo kitabu hakiwezi, yaani kuonyesha uso wa mtu anapokumbuka.

Lakini sehemu ya historia ya Blackside inayopaswa kutuuma zaidi ni ile ya baada ya sifa na tuzo. Picha, nyimbo na vipande vya habari vilivyotumika vilikuwa mali ya watu wengine: mashirika ya televisheni, magazeti, wapigapicha, wachapishaji wa muziki. Hampton, kwa uhaba wa fedha, alinunua leseni za muda. Katikati ya miaka ya 1990 nyingi zilikwisha, na Hampton akafariki Novemba 1998 kabla jambo hilo halijapata ufumbuzi. Kwa zaidi ya miaka kumi mfululizo ulioitwa kumbukumbu bora ya harakati za haki za kiraia haukuweza kurushwa hewani wala kuuzwa upya kihalali. Shule zilibaki na kanda chakavu zilizorekodiwa zamani. Hata tukio la wenzake King wakimwimbia wimbo wa siku ya kuzaliwa lilihitaji kuangaliwa, kwa kuwa wimbo wenyewe ulikuwa ukidaiwa hakimiliki. Ilibidi Ford Foundation itoe dola 600,000, na wafadhili wengine waongeze, ndipo haki zilipolipiwa upya na sehemu sita za kwanza zikarudi kwenye PBS mwaka 2006. Raia walioandamana barabarani wakipigwa walirekodiwa bila kulipwa. Baadaye watoto wao walihitaji kibali ili kuwaona.

Atakayejibu kwamba wapigapicha na vituo vya habari nao wanastahili malipo yao, amesema kweli. Mpigapicha aliyesimama mbele ya mbwa wa polisi Birmingham alifanya kazi ya hatari, na jasho lake lina bei. Kinacholalamikiwa hapa ni namna ya mkataba. Kulipa kwa matumizi ya miaka mitano au saba ni sawa kwa tangazo la biashara ambalo baada ya muda huo halina kazi tena. Kwa dokumentari ya kihistoria ni kuitegea siku ya kufa, kwa sababu thamani yake huongezeka kadiri mashahidi wanavyopungua. Ni afadhali mtayarishaji atumie picha chache alizozilipia kwa kudumu, walau kwa matumizi ya shule, maktaba na utangazaji wa umma, kuliko kujaza filamu kwa picha alizozikodi. Na mfadhili anayetoa fedha za kutengeneza bila kutoa za haki za kudumu, anatoa nusu ya msaada.

Afrika Mashariki hatuwezi kulitazama hilo kama shida ya Wamarekani. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi miaka ya 1990, kwa hiyo miongo mitatu ya mwanzo ya uhuru ilirekodiwa kwa filamu za serikali, kwa redio, na kwa kamera za wageni. Sehemu kubwa ya picha jongefu za sherehe za uhuru za 1961, 1962 na 1963 katika nchi zetu iko kwenye hazina za makampuni ya habari ya Uingereza, na anayeitaka hutia saini mkataba na kuilipia. Hali ni nzito zaidi kwa Mapinduzi ya Zanzibar. Picha jongefu za mauaji ya Januari 1964 zinazojulikana kuliko zote ni zile zilizochukuliwa kutoka angani na Waitaliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi kwa ajili ya filamu yao Africa Addio ya mwaka 1966, filamu iliyolaaniwa na wengi kwa kumdhalilisha Mwafrika na kufanya biashara ya damu. Hata leo Wazanzibari wanapobishana kuhusu siku zile, picha wanazorushiana ni za watu waliokuja kutafuta tamasha. Hazikuambatana na jina la aliyekuwepo, wala sauti ya aliyenusurika, wala ya aliyeshika silaha. Panapokosekana kazi yenye nidhamu, kazi isiyo na nidhamu ndiyo inayogeuka kuwa kumbukumbu.

Najua jibu litakalokuja haraka: hatuna fedha. Hampton alikuwa na mamilioni ya dola. Vituo vyetu vinahangaika kulipa mishahara, na vijana wanatazama video za dakika moja kwenye simu. Sehemu ya jibu hilo ilikuwa na uzito zamani kuliko sasa. Blackside ilipiga filamu za milimita 16, ambapo kila dakika ya mahojiano ilimaanisha pesa ya filamu, ya kusafisha na ya kunakili. Leo kamera ya kawaida inarekodi saa nzima kwa gharama ya kadi ya kumbukumbu. Kilichobaki kuwa ghali ni muda wa mtafiti na haki za picha za wengine, na vyote viwili hupungua bei pale nyumba inapowekeza kwenye mahojiano yake yenyewe, ambayo inayamiliki. Masharti mengine hayana bei kabisa. Kukaa darasani na wanahistoria wa vyuo vikuu vyetu kabla ya kurekodi, kumtafuta aliyekuwepo badala ya msemaji wa kila kipindi, kumhoji na wa upande wa pili, kukataa picha isiyo ya tukio lenyewe: haya yanahitaji uamuzi zaidi kuliko fungu la fedha. Na video ya dakika moja si adui. Inatokana na saa nyingi zilizorekodiwa vizuri, au inatokana na uvumi. Kijana ataitazama vyovyote vile. Sisi tunachagua tu itakatwa kutoka wapi.

Hoja ya mwisho inahusu muda, na haiwezi kusubiri bajeti ijayo. TANU ilianzishwa Julai 1954. Aliyekuwa na miaka ishirini wakati huo, kama yu hai, amevuka tisini. Walioshuhudia kambi za dharura Kenya, walioimba kwenye mikutano ya wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam na Mombasa, waliohamia vijiji vya Ujamaa wakiwa na watoto mgongoni, wanapungua kila mwaka. E.D. Nixon alifariki Februari 25, 1987, siku ile ile sehemu ya mwisho ya msimu wa kwanza wa Eyes on the Prize iliporushwa. Jo Ann Robinson alihojiwa mwaka 1979, kwa ajili ya ule mradi wa Capital Cities uliovunjika. Kama Hampton angesubiri hadi apate mkataba wa uhakika, huenda angefika amechelewa kwa wengi. Badala yake mradi ulikufa na mahojiano yakabaki, yakaja kutumika katika kazi iliyofuata. Leo mahojiano kamili ya Blackside, pamoja na saa nyingi ambazo hazikuwahi kurushwa, yamehifadhiwa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, na yeyote anaweza kuyasoma.

Kwa hiyo tunayopaswa kuyadai kwa vituo vya umma, kwa vyuo vikuu na kwa wafadhili wanaopenda kutajwa mwishoni mwa vipindi ni mambo yanayotekelezeka. Mahojiano yaanze sasa, hata kabla ya kipindi kuwa na jina wala tarehe ya kurushwa. Kila mkataba wa dokumentari ya kihistoria inayolipiwa na fedha za umma uwe na kifungu cha kukabidhi mahojiano kamili, bila kukatwa, kwa idara ya nyaraka za taifa, yafunguliwe kwa watafiti na shule. Haki za picha zinunuliwe kwa kudumu au zisinunuliwe. Na mtayarishaji anapokuja na pendekezo la mfululizo mkubwa kuhusu uhuru, mapinduzi au vita vya Kagera, swali la kwanza mezani lisiwe nani atasimulia. Liwe ni watu gani waliokuwepo ameshawapata, na yuko tayari kuwahoji lini. Mtayarishaji asiye na jibu la swali hilo hana dokumentari bado, hata akiwa na fedha zote za dunia. Mwenye jibu apewe gari, kamera na mtafiti, aondoke wiki hii.